Nyota Tatu na Nusu

Mtoto wa kaka yangu, Sizya, kaipa filamu nyota tatu na nusu.
Nikamuuliza, hiyo nusu mnaikata kwa kisu gani?
Hakucheka. Alikuwa ameinamia simu
akimtazama mtu anayetazama filamu,
tena kwa mwendo wa mara mbili, ili awahi kumaliza.

Mimi si mtaalamu. Nashona sare za shule, Ng'ambo, Tabora,
mkabala na mashine ya kukoboa.
Ila kwa vichekesho nina msimamo, na sina muda wa kuutetea:
mtu akiteleza ngazini mara moja, nitacheka;
mara ya pili, zaidi;
ya tatu, mwandishi kaishiwa.
Na huyo anayevaa gauni la mkewe ili tucheke
anatudai kicheko kama mwenye nyumba anavyodai kodi.
Mcheshi wa kweli hajui kama anachekesha.
Anatafuta kiatu chake tu.

Kibanda cha Nkwabi kilikuwa cha mabati na magunia ya tumbaku,
kiingilio shilingi hamsini, watoto watatu kwa mia
kama wamekonda.
Benchi la mbele lilikuwa na msumari. Wenyeji tuliujua,
kwa hiyo kichekesho kilianza kabla ya filamu.
Sisemi palikuwa pazuri. Palinuka jasho, na karanga,
na siku moja mbuzi wa mtu.

Nkwabi alitafsiri amesimama kando ya televisheni
na fimbo, kama mwalimu wa jiografia.
Kihindi hakukijua. Kichina hakukijua.
Kiingereza alikijua kama unavyomjua jirani wa mtaa wa tatu: sura tu.
Tajiri wa Bombei akifungua mdomo, Nkwabi anamsemea:
"Mahari ng'ombe kumi! Na yule wa pembe moja simtaki,
nimeshamwona Nzega!"

Halafu palikuwa na Nyamizi, muuza asali.
Kicheko chake kilichelewa kama treni ya kutoka Kigoma:
tukishacheka, tukishafuta macho, tukishanyamaza,
mama wa kwenye filamu yuko kitandani anakata roho,
ndipo kinaingia stesheni
na mabehewa yake yote.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika
bwana harusi akiwa ndani ya pipa
na baba mkwe ameshika sufuria la maji ya moto.
Hakuna aliyeinuka. Hamsini ni hamsini.
Nkwabi akawasha kibatari, akaketi juu ya kreti,
akaimalizia filamu kwa mdomo wake:
pipa likaviringika hadi Urambo,
likapangwa foleni na tumbaku, likapewa daraja la pili,
bwana harusi akaandikwa deni la chama cha msingi,
na bibi harusi akaenda kumkomboa
kwa cherehani yake.
Cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Juzi Sizya kanitafutia filamu ile ile, siku mbili nzima.
"Haya shangazi, ona mwisho wake."
Nimeutazama kitandani, neti imeshushwa.
Bwana harusi anatoka kwenye pipa. Anaomba radhi. Wanaimba.
Basi.
Machozi ya baba mkwe hayajakauka,
simu inaniuliza nataka kuona nini kingine.

Sizya anasema Nkwabi alikuwa mwongo.
Ni kweli. Alitudanganya miaka tisa, na chenji hakurudisha.
Nikamwambia, hiyo ya kwenye simu iandikie nyota mbili,
moja ni ya pipa.

Kisha nikazima taa, nikalala chali,
nikaliona linapita Usoke usiku, juu ya reli,
na mlinzi amesimama na taa yake
hajui alisimamishe au alipishe,
nikacheka,
nimechelewa kama Nyamizi,
kwa sauti, hadi Sizya akagonga ukuta.