Nyongo Haitobolewi

Miaka thelathini na mmoja nimekata nyama Mbale,
kibanda cha tatu ukitoka stendi, mlango wa bluu.
Ini nalijua kwa kiganja, hata gizani.
Najua kilipojibanza kile kijifuko cha kijani
na namna ya kukibandua:
vidole viwili, pumzi umeishika,
kisu kinanong'ona tu.
"Nyongo haitobolewi," alinifunza Wandeba,
aliyenipa kisu cha kwanza.
"Ukiitoboa, hata mbwa atakurudishia nyama."

Mama yangu Nambozo, themanini na minne,
alijikunja ubavu wa kulia
kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.
Tukayasingizia malewa ya juzi.
Tukamsingizia jirani.
Kumbe ni jiwe, punje ya mahindi tu,
limeketi mlangoni mwa mfuko wa nyongo
kama mdai asiyetaka kuaga.

Usiku ule ule, gari la wagonjwa.
Tulipovuka Nile pale Jinja, akauliza
kama tumefika kwa Mungu
au bado ni njia ya Kampala.

Daktari wa upasuaji aliutazama moyo wake kwenye kioo:
unapiga kama mtu anayepanda Wanale
na gunia la kahawa mgongoni.
Mapafu yana maji. Sukari haishikiki.
Akavua glovu ambazo hakuwa amezitumia.
"Kisu kitaliondoa jiwe," akasema,
"kisha kitamwondoa na yeye."

Mimi, mtu wa kisu,
sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Ndipo akaja Daktari Driwaru, mwanamke mfupi wa Arua,
viatu vya mpira, kalamu nyuma ya sikio.
Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia.
"Basi wewe utanielewa upesi."
Akachora nyuma ya risiti: hili tumbo, huu mfuko,
majirani wa ukuta mmoja.
"Napita mdomoni na kamera yenye sikio,
inayosikia yaliyo ng'ambo ya ukuta.
Natoboa tumbo. Natoboa nyongo.
Katikati naacha bomba fupi la waya,
pana huku, pana kule, jembamba kiunoni."

Nikasimama.
"Nyongo haitobolewi!"
Benchi zima likageuka.

"Ya buchani haitobolewi," akasema, bila kuinua sauti.
"Ya mtu hai imezoea kushuka kwenye chakula tangu azaliwe.
Mlango wa mbele umezibwa.
Mimi namfungulia wa uani."

Bei ya lile bomba siitaji,
mama asije akasikia.
Ndama wawili wanaijua.

Dakika arobaini. Nilihesabu vigae vya sakafu,
nikakosea, nikaanza upya.
Hawakumchana hata unywele.
Usaha, walinieleza, ulibubujika tumboni
kama mfereji uliozibuliwa,
na kufikia alfajiri homa ikawa imeshuka,
naye anamgombeza nesi kwa kumfichia kitenge.

Watu husema jambo limetumbukia nyongo
wakimaanisha limeharibika.
Kwetu nyongo ilitumbukia kweli,
na ndipo jambo likatengenea.

Driwaru hakunidanganya.
Moyo ni ule ule, alisema. Mawe mengine bado yamo.
Tumenunua muda, hatukununua shamba.
Nikamwambia hata muda huuzwa kwa kilo.
Hakucheka. Alikuwa amechoka.

Alhamisi nilirudi kibandani.
Fahali wa Karamoja, ini zito, lenye joto bado.
Vidole viwili. Pumzi nimeishika.
Kile kijifuko kikatoka kizima,
nami badala ya kukitupa mferejini
nikakiinua kwenye mwanga wa mlango,
nikakitazama kilivyojaa, kilivyotulia,
mpaka mteja akagonga meza kwa sarafu:
"Unaangalia nini, wewe? Nipimie."