Mizani ya Jikoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Riga bado giza,
theluji imeziba dirisha hadi nusu.
Naweka bakuli juu ya mizani niliyopimia unga
miaka ile nilipowaokea watu mikate.
Nyama ya bata mzinga, gramu tisini.
Pipars anaukazia macho mshale kama karani wa forodha:
ikipungua moja, analalamika;
ikizidi moja, ananyamaza.

Ale kwanza, ndipo sindano.
Daktari Skaidrīte alinionya mara tatu,
kana kwamba mgonjwa ni mimi:
tumbo tupu na insulini havilali chumba kimoja.
Nabana ngozi ya mgongoni, nainua kihema kidogo,
nachoma. Paka hata hageuki.
Aliyefumba macho wiki mbili za kwanza
ni mimi.

Lakini sukari ilikataa kushuka.
Daftari likajaa wino mwekundu,
ishirini na mbili, ishirini na nne,
na Pipars akinywa maji kama aliyevuka jangwa,
akilowesha mchanga wake hadi ukawa tope.
Tukaongeza dozi. Tukaongeza tena.
Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea,
nikapekua makabati, nikanusa makopo,
nikawashuku hata panya.

Kisha Februari, gari la wagonjwa
likamchukua Bwana Ojārs wa ghorofa ya pili.
Kifua.
Usiku wa tatu
nikamkuta Pipars ukumbini, anayumba kama mlevi,
macho wazi, hayanioni.
Sikumbuki kufungua mtungi. Nakumbuka asali
kidoleni, fizi zake baridi,
nikisugua, nikisugua,
nikimtukana kwa matusi yote niliyomwekea marehemu mume wangu,
hadi aliponiuma.
Sijapata kuifurahia damu yangu hivyo.

Ojārs alirudi na fimbo, na aibu.
Kila alasiri, akasema, paka akishuka kukwaruza mlango,
biskuti moja. Ya maziwa. Ndogo tu.
"Alikuwa anakonda, Velta. Nilidhani humlishi."

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga,
moja kwa kila ngazi niliyoshuka.
Ila mezani pake palikuwa na visahani viwili
na kiti kimoja.

Siku hizi saa tisa nashuka na kibahasha:
nyama kavu, gramu nne, nimeipima.
Ojārs anaichana vipande kumi na viwili
ili ichelewe kwisha.
Dozi imeshuka. Daftari limerudia wino wa buluu,
isipokuwa Jumapili ya Pasaka, ambayo hatuizungumzii.
Jana nilimkuta ameweka biskuti yake mwenyewe
juu ya mizani ya kupimia barua,
ameinama, miwani imemponyoka puani,
na Pipars kakaa pembeni, wima,
akimsimamia.