Vitabu Thelathini na Kimoja

Siku ya kufunga shule niliburuta sanduku la bati
hadi kibarazani. Darasa la nne walikuwa wamekwisha kusimama,
mifagio begani, miguu imeelekea kwao.
Nikasema: leo hatoki mtu mikono mitupu.
Vitabu thelathini na kimoja, watoto sitini na wawili.
Kimoja kwa wawili, na msigombane
mwalimu mkuu akasikia.

Sikuwapa maswali ya kujibu.
Niliwaambia tu: likizo ni ndefu,
na kichwa kisicholimwa huota magugu
hata kiangazi.

Someni uwele ukishapurwa, mkisubiri upepo wa kupepetea.
Someni kisimani; foleni ya ndoo haisogei,
na ndoo hazijui hadithi.
Someni kwa sauti machungani,
mbuzi hawamcheki anayekosea.
Kitabu kikiisha, someni gunia la mbolea.
Someni pakiti ya dawa ya bibi, mumwambie:
kimoja, kutwa mara tatu, si vitatu kwa mpigo.
Someni maandishi ubavuni mwa mabehewa
treni ya mizigo inapopita Kigwe:
aliyewahi kusoma behewa linalokimbia
atashindwaje na ukurasa uliotulia?

Wakaondoka. Vumbi likawafuata mpaka relini.

Nami nikabaki na hofu yangu ya kila mwaka,
kwamba nitakutana na sura ya tatu gengeni,
imefungiwa karanga za shilingi mia.
Juni nzima nilinunua karanga nikikagua karatasi.

Julai vikarudi.
Cha Nyemo kina pumba katikati, zimekaa kama alamisho.
Cha Lubeleje kinanuka moshi wa jikoni,
maana alisomea mwanga wa moto, akaunguza pembe moja.
Cha Mazengo kina kidole cha mlenda ukurasa wa tisa,
na baada ya hapo kurasa ni safi, nyeupe, hazijaguswa.
Mazengo, nimekuona.
Ukurasa wa kumi haung'ati.

Ndahani alikuja nyuma ya wote, macho mekundu.
Mbuzi alikuwa amekula ukurasa wa mwisho.
Si kuuchana, mwalimu. Kuula.
Ndani ya jalada alikuwa ameweka karatasi ya sukari,
imekunjwa mara nne,
ameandika kwa penseli mwisho wake mwenyewe:
yule kijana haoi binti mfalme,
anaomba ruhusa arudi nyumbani
kwa sababu jua limepanda
na hakuna aliyenywesha ndama.

Niliusoma nimesimama. Nikausoma tena nimekaa.
Miaka kumi na mmoja nakifundisha kitabu hiki,
na siku hiyo ndipo kilipokwisha vizuri.
Nikaibandika karatasi kwa uji mzito,
mahali pale pale mbuzi alipoacha meno.

Thelathini, nikahesabu. Nikarudia: thelathini.
Cha Sechelela hakikuonekana.
Mwenzake wa dawati alisema tu, "Kiko kwao,"
akakimbilia mpira.

Jioni nikavaa viatu vya kufokea watu
nikaenda. Mlango ulikuwa umeegeshwa, kibatari kinawaka.
Nikasikia sauti ikijikwaa juu ya neno moja,
fi, fi,
si ya mtoto. Ni ya mama yake,
anayeuza mkaa kituoni
na ambaye kila mkutano wa wazazi
huniwekea dole gumba lenye wino.
Na Sechelela, kwa ukali niliouzoea,
kwa sababu ni ukali wangu mimi:
"Usikisie, mama. Tazama herufi. Rudia."
"Fi... si. Fisi!"
Kikafuata kicheko, cha wawili.

Sikubisha hodi.
Nilirudi kwa njia ya relini, viatu mkononi,
nikafungua daftari la kuazimisha,
nikatafuta mstari wa thelathini na moja.
Penye "Tarehe ya kurudishwa"
nikaandika: Kipo kazini.