Msasa

Waliniletea bunduki mbili kwa guta,
zimefungwa shuka moja kama maiti pacha,
Sajenti Lwanji wa Chumbageni akitembea kando,
kibali mfukoni, jasho kwapani.
Mitutu yote imezibwa kwa kulehemu, akasema,
hata mbu hapiti.
Nikazilaza mezani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kati ya mlango wa msikiti ambao sijaumaliza
na miguu ya kitanda cha bi harusi.

Kamati ya chumba cha kumbukumbu ina ukuta mmoja
na fedha ya bunduki moja.
"Wewe unazijua mbao," alisema Bi Shekimweri,
"tuambie ipi."

Ya kwanza ni mpya. Imeagizwa ng'ambo,
imekuja na cheti, kitambaa cha kufutia,
na kijitabu kinachoapa kwamba kila skrubu
imeiga skrubu ya mwaka wa vita.
Nikapitisha kidole: laini kama sahani ya mgeni.
Kitako kimepakwa rangi ya uzee,
lakini ukikwaruza chini ya bamba
unakuta mti mweupe, mti wa haraka.
Sikuidharau. Aliyeikata ana mkono.
Kasoro yake moja: inajibu kila swali
kabla hujauliza.

Ya pili ilitoka darini kwa akina Hoza, Pongwe,
ilikoegemea gunia la makumbi miaka isiyohesabika.
Inanuka kutu, moshi wa kuni na mavi ya popo.
Namba zimelika; imebaki nane,
kisha alama inayoweza kuwa moja, au saba.
Nassoro Hoza aliifuata hadi karakana,
kijana wa bodaboda, kifua mbele:
"Babu wa babu yangu alikuwa askari.
Alipiga nayo siku ile, pale stesheni."

Mimi si mtu wa vita. Mimi ni mtu wa randa.
Nikaigeuza dirishani.
Pale shavu la mpigaji linapolala, mbao haijang'aa.
Pale bega linapopokea teke, ukingo bado mkali.
Ila ubavuni, katikati, kuna mfereji,
upana wa kidole changu cha mwisho,
na upande wa pili mwenzake, sawasawa.
Kamba.
Kamba ya mkonge, iliyokazwa, ikalegea, ikakazwa tena,
maili kwa maili.
Hii haikuning'inia begani kwa mtu mwenye kofia.
Ilifungwa na wenzake kama mzigo wa kuni,
ikapandishwa kichwani kwa mtu
ambaye hakuna daftari lililomtaja.

Nassoro akatia kidole mferejini,
akakipeleka mbele, akakirudisha.
"Kwa hiyo alikuwa mpagazi."
Sikujibu. Mbao ilikwisha sema.

Alhamisi kamati ikanyoosha mikono:
zote mbili zitundikwe, fedha itatafutwa.
Ila Bi Shekimweri akaniagiza, kwa upole wake ule,
ile ya Pongwe niipige msasa na vanishi,
watoto wa shule wasichafuke;
ile mpya niichape kwa mnyororo,
niisugue kwa majani ya chai,
isionekane ya juzi.
Yaani kikongwe nimpake wanja,
na mtoto nimpandikize mvi.

Msasa nimenunua. Namba themanini, namba mia na ishirini.
Uko pale, nyuma ya kopo la misumari.
Juzi nilimaliza mlango wa msikiti.
Jana, miguu ya kitanda; bi harusi mwenyewe alikuja kuikagua.
Leo nimeifuta ya Pongwe kwa kitambaa kikavu tu,
kilekile kilichokuja na ile mpya,
na mferejini sikugusa.

Asubuhi Nassoro alipita, hakuzima pikipiki.
Aliuliza kama kamba ya mkonge
bado inauzwa kwa futi.
Duka la tatu kutoka sokoni, nikamwambia,
na uwahi, Ijumaa wanafunga mapema.