Namba Ishirini na Mbili

Julai, Mbeya, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Loleza kajifunika gubigubi, hata kisogo hakionekani,
na chuma tunachokuja kukishika
kimelala nje usiku kucha.

Sajini Tusekile haamini glavu.
Anapulizia viganja, anavisha ufunguo kichwani pa bomba,
ananiambia: Polepole, Lusajo.
Maji ukiyashtua yanapasua mtaa.
Hesabu.

Basi nahesabu. Raundi ya kwanza inalia. Ya pili inalia.
Ya tatu inakohoa upepo,
upepo wa zamani, wenye harufu ya sarafu na tope.
Ya tano ndipo yanapokuja,
nayo si maji, ni chai ya rangi iliyosahaulika jikoni,
ni kutu, ni mchanga, ni magamba ya kitu nisichokijua,
miezi kumi na moja ya kukaa gizani bila kuitwa.

Yanateremka mtaro wa Mwanjelwa kwa kelele.
Wanafunzi wanaruka. Bodaboda wanainua miguu.
Na mama mmoja, kanga mbili juu ya sweta,
anasimama na ndoo tupu kama vielelezo mahakamani:
"Mgao wiki ya pili. Nyie mnamwaga!"

Sina jibu. Nimefundishwa majibu, ila yana vumbi la chaki:
kwamba bomba la zimamoto lisipofunguliwa hufunga koo,
kwamba siku ya moto hakuna wa kusubiri kutu ipite.
Sajini hasemi hata hayo. Anakinga glasi,
anaiinua kwenye mwanga, anamwaga. Anakinga tena.
"Subiri yatakate, mama. Ya mwisho ni yako."

Dakika tisa.
Katika glasi ya sita naona, ng'ambo ya maji,
lori la viazi, zima, pamoja na turubai lake.
Geji inasoma baa tatu na nusu. Naandika.
Ndoo tatu zinajaa kwa pumzi moja,
nami napaka grisi kwenye meno ya kifuniko
kwa kidole nisichokisikia tena.

Anajitwisha. Ndoo ikiwa nusu kichwani, nusu hewani, anauliza:
"Na lile jingine mnalolitafuta kila mwaka?"
Ramani yetu ina doa hapo: *22, halikuonekana.*
"Nalikalia mimi. Mwaka wa sita huu.
Liko chini ya meza yangu. Zuri sana kwa kuegeshea jiko."

Tukanyanyua kibanda watu wanne, unga ukitumwagikia.
Lilikuwepo. Jekundu upande mmoja tu,
shingoni masizi, maganda ya vitunguu, nta ya mshumaa,
na juu ya kifuniko duara la sufuria,
asubuhi juu ya asubuhi.
Ufunguo uligoma. Mafuta ya taa, nyundo,
tusi dogo la Kinyakyusa ambalo sajini alilimeza nusu.
Robo raundi. Basi.

Nikainua macho: mbao, magodoro, mitumba,
paa likigusa paa hadi ukutani.
Mama naye akatazama huko huko,
kwa muda mrefu kuliko mimi.

"Sasa nikae wapi?"
Sajini akapima kwa buti: hatua tatu.
Mama akasogea mbili, akatua jiko, akaanza kupuliza mkaa.

Daftarini niliandika:
*22. Limeonekana. Gumu. Turudi Alhamisi.
Nafasi: hatua tatu.*
Nikafuta tatu.