Dadu ya Jumatatu

Halifax, majira ya baridi, mwaka kiwanda cha sufu kilipofungwa.
Katika chumba kilicho juu ya duka la kufulia
Gwenda Murgatroyd alinipa dadu ya mfupa, akasema:
Itupe kila Jumatatu kabla ya chai.
Itakachosema, kiamini. Usijifanye unaamini.
Amini kama unavyoiamini ngazi ukiishuka gizani.

Ikitua moja, nilikuwa Mmethodisti,
kama baba yangu Enoch aliyehubiri kofia kwapani;
nilisali nikisugua sufuria.
Ikitua mbili, hakuna kitu ila chembe,
na huzuni yangu ni chumvi iliyozidi ubongoni.
Tatu: miungu wa kaskazini, wazee wa theluji na visasi.
Nne: punda aliyechorwa kwenye kopo la biskuti.
Nilimwashia mshumaa. Naapa alinisikiliza
kuliko kasisi yeyote.
Tano: kuamini watu, kila mtu, wiki nzima.
Hiyo ilinigharimu saa ya mkononi.
Sita haikutokea.

Njia mbili zilimshinda fisi, najua.
Lakini fisi alizitaka zote usiku mmoja.

Februari tukaandika haja.
Yangu niliiandika kwa penseli ya seremala, sentensi moja tu,
halafu nikafuta irabu, nikafuta herufi zilizojirudia,
mabaki yakalala karatasini kama miba ya samaki.
Nikayaunganisha, hii ikaipanda ile mgongoni,
mpaka ikawa alama isiyosomeka,
nusu mdudu, nusu ufunguo.
Iangalie hadi macho yalie, alisema Gwenda,
kisha ichome, kisha cheka, kisha sahau.

Kuchoma kulikuwa rahisi: mita ya gesi
ilikuwa bado na sarafu mbili tumboni.
Kucheka nilicheka, kama mtu anayekohoa msibani.
Kusahau!
Mwambie mtu asilifikirie jino linalomuuma.
Nilisahau kwenye foleni ya posho ya wasio na kazi.
Nilisahau kwa bidii, meno yameumana,
basi langu likanipita mara tatu.

Kisha barafu ya mfereji ikayeyuka,
na jioni moja, nikivua soksi, niliitafuta ile haja
nikakuta mahali pake peupe,
kama ukutani palipoondolewa picha.

Tangu hapo nimeharibika vizuri.
Sijui niliomba nini, basi kila kinachobisha hodi
huenda ndicho:
barua ya dada yangu Muriel baada ya miaka sita ya kimya,
kibarua cha siku tatu cha kuhamisha piano,
paka wa jirani mwenye sikio moja,
hata homa.
Nafungua mlango na uso wa mdeni na mdai kwa pamoja.
Nasema, karibu.
Nasema, ni wewe?

Jumatatu iliyopita ilitua sita.
Nilishuka mbio kumuuliza Gwenda, viatu havijafungwa.
Alikuwa anakunja shuka za hospitali, hakuinua macho.
"Sita ni dadu yenyewe," akasema. "Wiki hii usiiamini."

Nikasimama pale, mvuke umeniziba miwani.
Kama siiamini dadu, sita yake haina amri.
Kama haina amri, nani kanikataza kuiamini?
Na kama naiamini...
Nikahisi kitu kinakatika ndani, chepesi, uzi wa kifungo,
na safari hii kicheko kilikuja bila kuitwa,
kikanikalisha juu ya kapu la nguo chafu.

Gwenda alingoja kiishe.
Kisha akanishikisha ncha mbili za shuka.
"Vuta."
Tukavuta. Tukakutana katikati,
tukaachana, tukakutana,
na shuka kila mara ikipungua.