Seti ya Uru

Miaka kumi na tisa niliwaonyesha watu karata
kama mtu anayeonyesha picha za harusi yake:
wao wakiitikia kwa vichwa, mikono mapajani,
mimi nikigeuza, nikieleza, nikijisifu.
Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko uongo.
Makofi yalikuja, mafupi, ya adabu,
kisha wakarudi kwenye bei ya sufu.

Halafu Julai moja, baridi, Paysandú,
mvua ikilipiga bati la klabu ya bocha,
Baltasar jikoni akisukuma maandazi
maana kule mvua ikinyesha sharti yakaangwe,
kibuyu cha mate kikizunguka meza,
mrija mmoja, vinywa sita,
nikatandaza karata zangu arobaini za Kihispania:
kopa zenye vikombe kweli,
shupaza zenye panga kweli,
uru sarafu za njano, pau marungu mabichi.

"Lete. Nachanga mimi."
Maite, miaka tisa, plasta gotini.
Hakungoja nimjibu.
Alizichanga kama anayeosha mchele,
tatu zikaanguka chini, moja ikaingia kwenye jamu,
na mpango wangu, niliokesha nikiupanga,
ukafa mbele ya macho yangu.

Lakini nikaona kitu.
Viti vilisogea.
Ruperto, ambaye hacheki hata akitekenywa,
aliinama, akaokota karata mvunguni,
akaifuta kwa mkono wa shati, taratibu,
kana kwamba ni yake.

Basi nikaacha kuwa hodari.
Nikasema: Maite, chagua. Usinionyeshe mimi.
Mnong'oneze bibi yako.
Akaupeleka mdomo kwenye sikio la Zulma,
Zulma akacheka, akaifumbata siri kama peremende.
Iweke juu. Baltasar, njoo, ikandamize isitoroke.
Akaja mbio na unga wake hadi viwikoni.
Ruperto, kata. Kata tena. Wewe ndiye mwenye kisu.

"Zulma," nikasema, "tutajie."

Kimya.

Mwaka ule alikuwa ameanza kusahau:
kwanza majina, halafu sufuria motoni.
Alinitazama, akaitazama mvua.
"Ilikuwa na rangi," akasema.
Hakuna aliyecheka. Ruperto akaapa aliona njano.
Baltasar, ambaye hakuona kitu, akasimamia kopa.
Mtu wa meza ya pili, ambaye hata sikumwalika,
akapaza sauti: "Rei! Lazima ni rei!"
Maite alibana meno. "Sisemi. Ni siri ya bibi."

Sikuwa na maneno. Nilikuwa na ukumbi mzima
umeshika pumzi kwa ajili ya mwanamke mmoja.
Nikazitandaza kifudifudi.
Mshike bibi mkono, Maite.
Bibi, usikumbuke. Gusa tu.

Kidole chake kikatangatanga,
kikapita karata kumi, kikapita kumi na tano,
kikatua.

Maite alipiga yowe hadi mbwa wa jirani akajibu.
Seti ya uru.
"Nilikuwa naijua," Zulma akasema, akijifuta macho.
"Kukumbuka ndiko kulikonishinda."

Mkiniuliza: ndiyo, pembeni mwa karata ile
palibaki alama hafifu ya unga,
na kidole gumba changu kiliisogeza mbele
upana wa ukucha.
Kazi yangu yote ndiyo hiyo. Ni ndogo hivyo.

Paysandú bado wanaisimulia.
Ruperto hueleza alivyokata, mara ya kwanza, mara ya pili.
Baltasar huinua kiganja.
"Siku ile Zulma alipoipata," wanasema,
na katika hadithi yao mimi simo,
au nimo kama mvua ilivyomo.

Maite hakunirudishia karata.
Aliitia mfukoni mwa koti la bibi yake,
upande wa kushoto, akafunga kifungo.
Tangu hapo nafanya mazingaombwe
kwa karata thelathini na tisa.
Nawapa watu wazichange wenyewe.
Hajatokea mtu wa kuzihesabu.